DARASA: AMEACHA, NA SASA AMEPANGIWA NINI?

Watu wa mji wetu wamezoea kuuliza swali moja juu ya kijana aliyezama katika unga au tembo: "Ameacha?" Wakijibiwa kuwa ameacha, humhimidi Mwenyezi Mungu, na mazungumzo yakaishia hapo. Darasa la leo lahusu swali la pili, ambalo aghlabu haliulizwi: ameacha, na sasa amepangiwa nini? Maana si wachache katika Likoni, Kisauni na Changamwe walioacha mara tatu au nne, na kila mara jamaa wakalia kwa furaha, kisha siku moja wakachukuliwa juu ya jeneza. Ukiuliza sababu utaambiwa, "Alirudia." Neno hilo ni la kweli, walakini halielezi kitu. Alirudia kwa kuwa alirudi: alirudi chumba kile kile, kona ile ile, marafiki wale wale na mikono ile ile isiyo na kazi, na hapana mtu aliyekaa kitako kabla ya siku hiyo akafikiri kijana huyu atapita njia gani kutoka nyumbani mpaka msikitini bila ya kukutana na mwenye kumuuzia.

Natuanze na mwili, kwani wengi katika sisi twadhani mas-ala haya ni ya moyo na imani peke yake. Unga, yaani heroini, ulianza kuenea katika pwani yetu katika miaka ya 1980, kwanza ule wa rangi ya kahawia uliokuwa ukivutwa kwa moshi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, na watu wakaanza kujidunga sindano. Mwili uliozoea unga huudai kila siku, na ukinyimwa huingia katika arosto: mafua, machozi, kuharisha, maumivu ya mifupa, usingizi kutoweka. Arosto huanza katika muda wa nusu siku hivi tangu dozi ya mwisho, hufikia ukali wake siku ya 2 au ya 3, na baada ya wiki moja hivi sehemu kubwa ya mateso hupungua. Mama aliyemfungia mwanawe chumbani kwa siku 7 humwona ameinuka, ameoga, ameomba uji, naye husema amepona. Hajapona, ametoka katika arosto tu. Hamu, usingizi mbovu na uzito wa roho vyaweza kumwandama kwa miezi mingi, na hayo hayaonekani kwa macho, wala hapana jirani atakayekuja kumjulia hali kwa ajili yake.

Mnywaji wa tembo na chang'aa hesabu yake ni nyingine, na hapa twawaomba mtusikilize sana. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akikatizwa ghafla, aweza kushikwa na kifafa au kuweweseka na kupotewa na akili katika siku 3 za mwanzo, na aweza kufa kwa huko kuacha kwenyewe. Mfano wake ni yule aliyezoea vidonge vya bugizi. Watu hawa hawafungiwi chumbani. Hupelekwa hospitali, wakashushwa kidogo kidogo kwa dawa. Ni aibu kubwa kwetu kwamba nyumba nyingi zamjua mganga wa kuzungua na hazilijui jambo hili.

Kisha liko jambo jingine la mwili, nalo ndilo linalotuulia vijana. Mtumiaji wa kila siku mwili wake hujizoesha, ukabeba kipimo ambacho kingemwua mtu mgeni. Akikaa mbali na unga kwa wiki chache, iwe ni kituoni, iwe ni katika gereza la Shimo la Tewa, iwe ni kwa jamaa mashamba, uzoefu ule huondoka. Siku anayoanguka hatumii kidogo. Hutumia kipimo anachokikumbuka. Kipimo kilichokuwa kikimtuliza zamani, leo humzuia pumzi. Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kutoka kituoni au gerezani ni za khatari kuliko wiki za mwisho kabla ya kuingia, nasi hufanya kinyume: alipokuwa akitumia tulimlinda kwa macho manne, na alipotoka tukampikia biriani, tukamwacha.

Pwani yetu ilipewa mtihani wa wazi mwishoni mwa mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011. Unga uliadimika ghafla. Bei ilipanda, kilichopatikana kilikuwa kimechanganywa na vitu visivyojulikana, na watu wengi walitupwa katika arosto pasi na kutaka wala kujiandaa. Wengine walikimbilia vituo, wengine wakageukia vidonge, pombe na bangi. Baada ya miezi michache unga ulirudi sokoni, na wengi wakarudi nao. Lau kukosekana kwa unga kungekuwa ndiko kupona, pwani ingalikuwa imepona mwaka ule. Hatusemi kwamba kuwafuata wauzaji si wajibu wa serikali. Ni wajibu wake, na sheria ya mwaka 1994 yampa nguvu. Wala hatupingi kauli ya serikali ya kaunti ya Mombasa iliyopiga marufuku muguka mwezi wa Mei 2024, ingawa mashindano yake yalifikishwa mahakamani. Twasema tu kwamba soko likifungwa, mtu aliyekuwa mteja wake yungali pale pale, na bado hakuna aliyemwandalia siku yake ya kesho.

Wanafunzi wa darasa letu waijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya mtu aliyeua nafsi 99. Alimwendea mcha Mungu asiyekuwa na ilimu akamwuliza kama ana toba; akaambiwa hana, akamwua naye, wakatimia 100. Kisha akamwendea mwanachuoni. Huyu alimwambia kuwa mlango wa toba u wazi, na hatukuletewa hadithi hii ili tuishie hapo, ingawa wengi wetu katika mimbari huishia hapo. Mwanachuoni yule aliongeza neno: alimtajia mji wa kwenda, akamwambia huko wako watu wenye kumwabudu Mungu awe pamoja nao, na akamkataza asirudi katika nchi yake kwa kuwa ni nchi mbaya. Tazameni tofauti ya wawili hawa. Wa kwanza alikuwa na ibada. Wa pili alikuwa na ilimu, na ilimu yake ilimfahamisha kwamba mwenye kutubu ahitaji mahali na wenzi, na kwamba pasipo hayo toba yake itabaki njiani.

Mfano mwingine ni wa vyombo. Ujumbe wa Abdul-Qays ulipomjia Mtume (S.A.W.), aliwakataza kutumia aina za vyombo ambavyo watu walikuwa wakichachia ulevi: vibuyu, mitungi, magogo yaliyochongwa na vyombo vilivyopakwa lami. Chombo chenyewe kina dhambi gani? Hakina. Baadaye, watu walipokwisha kuimarika, ruhusa ikatolewa watumie chombo chochote maadamu hawanywi chenye kulevya. Maulamaa wengine wameeleza kuwa katazo la kwanza lilikuwa la kukata mazoea na kuziba njia mpaka nafsi zitulie. Basi ilivyokuwa kwa mtungi katika Madina, ndivyo ilivyo kwa bomba la sindano, kipande cha karatasi ya fedha, njiti ya kiberiti, namba ya simu ya muuzaji, na ile kofia aliyokuwa akiivaa akienda maskani. Vitu hivi si haramu kwa dhati yake, lakini mwenye kuvigusa katika miezi ya mwanzo hujikuta mate yamemjaa kinywani kabla hajajua kwa nini. Viondolewe kabla hajarudi nyumbani, na laini ya simu ibadilishwe. Zamani za kuvirudia zitakuja zenyewe.

Sasa natuingie katika mpango wenyewe. Wakati wake ni kabla ya kijana kutoka, walau wiki 2 mbele. Wakae watu wachache: mama au baba, ami au mjomba anayeheshimiwa na kijana mwenyewe, mtu mmoja wa msikiti wa mtaa, na ikiwezekana mtu aliyewahi kutumia na sasa ana miaka kadhaa ya salama. Huyu wa mwisho msimdharau. Ajua uwongo wote wa teja kwa kuwa aliwahi kuusema. Kijana mwenyewe lazima awepo. Mpango uliofanywa nyuma ya mgongo wake hautakaa hata mwezi. Na maneno yaandikwe. Sisi tulioamrishwa kuliandika deni la muda, hata liwe dogo, twashindwaje kuandika jambo ambalo ndani yake mna roho ya mtu? Karatasi hiyo isijazwe mawaidha. Iandikwe majina, saa na njia.

Tuseme kijana ni wa Kisauni, na kazi yake kabla ya kuharibikiwa ilikuwa uhamali katika soko la Kongowea. Kazi ya halali, twaisifu, na kila mtu atasema arudishwe kazini upesi ili asikae bure. Lakini hamali hupata fedha kwa mzigo, mkononi, na jioni akitoka ana noti mfukoni, ana uchovu, ana njaa, na kati ya soko na nyumbani kuna maskani mbili azijuazo kwa jina. Hapo si kazi iliyomponza. Ni saa moja kati ya alasiri na maghrib. Basi mpango wa kweli huishughulikia saa hiyo. Nani atamngojea sokoni? Je, mwenye mizigo atakubali kumlipa kwa simu, fedha ziingie katika M-Pesa ya mama yake kwa miezi 3 ya mwanzo? Atakula nini saa kumi, ili asitembee na tumbo tupu? Atapita barabara gani? Mambo haya ni madogo hata mwanachuoni aweza kuona haya kuyataja, nasi twayataja makusudi, kwani tumewaona watu wenye azma kubwa walioshindwa katika mambo madogo.

Changamwe na Chaani mambo yana sura nyingine, kwa kuwa kibarua cha makontena na malori huja na kukatika, na mtu hukaa siku 4 bila ya kazi kisha akaitwa usiku. Kwa aliyetoka karibuni, kazi ya saa zisizojulikana ni mbaya kuliko mshahara mdogo wa saa zinazojulikana. Afadhali asaidie duka la jamaa kwa posho kuliko kungoja lori. Kupokea kidogo kwa mpango huona haya, na wazazi nao huona haya kwa niaba yake, hayo yastahimiliwe.

Likoni lina taabu yake, nayo ni kivuko. Ili mfahamu taabu hiyo, yabidi tuseme kwanza juu ya methadoni.

Methadoni ni dawa ya maji ambayo mgonjwa wa unga hunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa kliniki. Hukaa mwilini muda wa siku nzima au zaidi, huzuia arosto na kupunguza hamu, na ikipimwa sawasawa haimlevyi mtu. Hufanya kazi, husali, huzungumza na watoto wake. Nchini Kenya ilianza kutolewa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwezi wa Disemba 2014, ikafuatia Malindi mwaka 2015, kisha ikafika kwetu Kisauni, na kwa upande wa Kwale ikafika Kombani. Ndugu zetu wa Tanzania walitangulia, kwa kuanza Muhimbili mwaka 2011.

Wako wanaosema kuwa huku ni kuuza ulevi na kununua ulevi, na tumesikia kuwa wako wazazi waliowatoa watoto wao katika dawa hii kwa sababu ya maneno kama hayo. Twauliza: ulevi ni nini katika sheria? Ni kile kinachofunika akili. Dawa inayomrudishia mtu akili yake, akaacha kuiba na akaacha sindano yenye kumwambukiza ukimwi na maradhi ya ini, yafanana na kipi kati ya hivi viwili, pombe au dawa? Na hata mwenye kuishuku, sheria yetu ina mlango wa dharura, nao ni mpana kuliko fikira za wengi wetu. Tuseme pia upande wa pili, ili tusiwe wapigadebe: methadoni si ya kuchezea. Ikinywewa pamoja na pombe au bugizi yaweza kuzima pumzi. Ikichukuliwa na mtu mwingine asiyeizoea yaweza kumwua. Na haikatizwi ghafla kwa amri ya baba wala ya sheikh. Wengi huihitaji kwa mwaka mmoja na zaidi, wengine kwa miaka, na kushushwa kwake ni kazi ya daktari.

Sasa rudini Likoni. Mgonjwa anayetoka Likoni kwenda Kisauni kila siku avuka feri, ambayo kwa mwenda kwa miguu haina nauli, kisha apanda matatu kutoka Kivukoni, apita mjini na daraja la Nyali, na jioni arudi njia hiyo hiyo. Akienda Kombani, safari ni ya matatu kwa barabara ya Ukunda. Mtu asiye na kazi atapata wapi nauli ya kila siku ya mwaka mzima? Akikosa siku moja, arosto humnyemelea. Akikosa kadhaa mfululizo, hawezi tena kupewa kipimo chake cha zamani mpaka apimwe upya, na katika siku hizo maskani iko karibu kuliko kliniki. Msikiti unaotaka kumsaidia kijana huyu hauhitaji kujenga hospitali. Wahitaji kuweka akiba ya nauli, na mtu wa kuitoa kila asubuhi. Ni sadaka isiyo na jiwe la kuandikwa jina la mtoaji, na pengine ndiyo sababu haitolewi.

Vituo vya kulaza vipo: MEWA na Reachout hapa Mombasa, Omari Project iliyoanza Malindi katika miaka ya 1990, na kituo cha serikali cha Miritini. Hatutaki kuvisifu wala kuvikosoa hapa. Upungufu wetu u baada ya vituo. Ndugu zetu wa Unguja tangu mwaka 2009 wana nyumba wanazoziita soba hausi, ambamo walioacha hukaa pamoja kwa miezi, hupika, hufagia, huamka kwa saa, na hukutana kila siku kuelezana yaliyowasibu bila ya kufichana, chini ya usimamizi wa wenzao waliotangulia. Ukizitazama sana utaona ni ule ule mji aliotajiwa mwenye kuua 100: mahali, na watu. Katika mji wetu kuna majumba ya wakfu, na Tume ya Wakfu ina makao yake hapa hapa Mombasa. Je, ni muhali nyumba moja ya wakfu ya vyumba 6 katika bara ya Kisauni ikawekwa kwa kazi hii? Twaacha swali hili kwa wenye mali, nao wasione kuwa tumelisahau.

Tuje kwa dawa za kienyeji ambazo jamaa huzikimbilia. Juu ya kuzunguliwa, kupungwa pepo na kufungwa hirizi hatuna haja ya kurefusha. Tumekwisha kuyasema, na mwenye fedha za mbuzi wa kafara anazo fedha za nauli ya miezi. Iko dawa moja yenye khatari zaidi kwa kuwa ina sura ya sunna, nayo ni kuoza. "Mwozeni, atatulia." Basi hutafutwa binti wa watu, aghlabu wa jamaa maskini au kutoka mbali ambako habari hazijafika, na wazee hunyamaza kimya katika posa. Huo si unyamavu wa stara. Ni ghushi katika mkataba mzito kuliko mikataba yote. Binti huyo huamka baada ya fungate akakuta pete haipo, simu haipo, na mumewe yu maskani. Ndoa ni mzigo mtukufu, na mzigo haumtibu mgonjwa wa mgongo. Aliyekwisha oa arudi kwa mkewe kwa subira, na mke aingizwe katika kikao, asikilizwe kabla ya wanaume. Aliye kapera angoje walau mwaka wa salama, na posa ikija, ukweli usemwe.

Tumesema "kijana" katika darasa zima kana kwamba hawamo wanawake. Wamo. Wao hufichwa zaidi, hutukanwa zaidi, na vituo vinavyowapokea ni vichache. Baba aonaye haya kumpeleka bintiye kliniki kwa kuhofia macho ya watu, ajue kuwa muuzaji haoni haya kumpokea.

Na hapa lina mahali neno la ulimi. Alikuwako zama za Mtume (S.A.W.) mtu aliyeletwa mara nyingi kwa kosa la kunywa, akapigwa kama ilivyo hukumu. Siku moja mtu katika waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake, na Mtume (S.A.W.) akakataza laana hiyo, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Hukumu ilipita, na heshima ikabaki. Sisi hukumu hatuna, bali laana tunayo tele. Kijana amekaa miezi 8 bila ya kutumia, na mtoto wa jirani yungali akimwita teja mbele ya baba yake, na baba acheka. Nguo ikipotea kambani, wa kwanza kushikwa ni yeye, na katika mitaa yetu mtu akipigiwa kelele za mwizi hapewi muda wa kujieleza. Kwa hiyo katika mpango mtieni mtu wa kusema naye kwa majirani: nani alidhulumiwa, kiasi gani, na kitalipwa vipi. Kurudisha haki za watu ni sharti la toba kwa mwenye kuweza, lakini zirudishwe kidogo kidogo, kwa mkono wa jamaa, wala asisukumwe kulipa yote upesi, maana mwenye deni la haraka hutafuta fedha za haraka.

Ama akianguka? Wazee wengi hawataki swali hili litajwe. Waona kulitaja ni kumtabiria mabaya. Lakini nahodha anayeweka mtumbwi mdogo nyuma ya jahazi hajaomba jahazi lizame. Iandikwe, katika karatasi ile ile, nani ataambiwa kwanza, naye awe mtu ambaye kijana hamwogopi. Asifukuzwe usiku huo. Anayefukuzwa hutumia tena, na hutumia peke yake, na anayetumia peke yake hana wa kumwokoa. Asubuhi apelekwe kituoni au kliniki, na kikao kikae upya kuuliza ni saa gani, njia gani na mtu gani aliyesahauliwa katika mpango wa kwanza. Na kila mtu wa nyumba hiyo ajue dalili za kuzidiwa na unga: pumzi chache zenye kukoroma, midomo na kucha kugeuka rangi ya samawati, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kutoamka akiitwa. Kummiminia maji na kumpiga makofi ni kupoteza dakika. Apuliziwe pumzi mdomoni ikiwa hapumui, alazwe ubavu akipumua, na apelekwe hospitali mara moja. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi kwa muda. Waulizeni watu wa vituo jinsi ya kuipata na kuitumia. Nguvu yake hupita upesi kuliko ya unga, kwa hiyo aliyezinduka nayo haachwi akalala peke yake.

Tumalize na mwezi ulio karibu na nyoyo zetu. Ramadhani huwaachisha wengi, na hili twalishuhudia kila mwaka: maskani hupungua watu, safu za tarawehe huongezeka nyuso, na mama huona dua zake zimejibiwa. Mwenye kunywa methadoni aende kwa daktari wake Shaabani haijatoka, aulize kama dozi yake yaweza kutolewa baada ya maghrib. Isipowezekana, yeye ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kitabu, wala si jirani wa kumhesabia siku zake. Asikatize dawa ili afunge.

Khatari kubwa yaja usiku wa mwezi kuandama. Kijana amekaa siku 29 au 30 mwili wake ukasahau uzoefu. Mkono wa Idi umemjaza noti. Marafiki wa zamani wamevaa kanzu mpya na wamekuja kumtaka radhi. Na nyumba nzima iko katika shughuli za jikoni. Basi usiku huo uwe na zamu yake katika karatasi. Mwenye kumpa mkono wa Idi ampe nguo au chakula, fedha zikabidhiwe mama. Ami yake alale naye chumba kimoja. Asubuhi wavae pamoja, waende kuswali pamoja, wapite kwa jamaa wawili watatu waliokwisha kuambiwa, na ikiwa yu katika methadoni wapite kliniki akanywe dozi yake kabla ya vijana wa mtaa hawajaanza kukusanyana kwenda Makadara.